WRX inagonga mbele kulia, fundi anasema ninunue shokapu nyingine

Boksa_Tabata

Wakuu, salama? Naomba msaada kabla sijafanya upuuzi.

Nina Impreza WRX ya 2006, ile yenye taa za mwewe, lita 2.0, gia za mkono. Miezi miwili iliyopita shokapu za mbele zilianza kuvuja mafuta, nikatafuta za mtumba kutoka Japani. Nikapata pea nzuri kweli, nyeusi tii, zimepigwa rangi zinang'aa kama viatu vya mwanafunzi Jumatatu asubuhi. Nikafungiwa kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Pande zote mbili hazikuchukua hata saa moja na nusu. Kijana alikuja na mashine ya upepo, trrrr, trrrr, haya bosi, lipa uende.

Wiki tatu za mwanzo raha tupu. Wiki ya nne likaanza kugonga mbele kulia. Na namna linavyogonga ndiyo inanichanganya. Nikirudi rivasi nyumbani, nikisimama na kuweka gia ya kwanza, linapiga "ko!" mara moja tu. Nikikanyaga breki nzito, "ko!" nyingine. Kwenye rasta na vijishimo vidogo mara nyingi halisemi kitu. Halafu tangu Jumamosi usukani umekaa upande: nikienda barabara iliyonyooka, zile nyota za katikati zimeinama kushoto.

Nimerudi palepale gereji. Wakalitikisa kwa kusukuma fenda, wakasikiliza, hukumu ikatoka: "Hizi shokapu zimekufa, tafuta nyingine." Zimekufa baada ya wiki nne?

Ijumaa ya wiki ijayo naenda Iringa na mke na watoto wawili, na sitaki kupanda mlima Kitonga huku nikisikiliza hiyo "ko". Nina jeki, stendi mbili, boksi ya spana na mikono. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, sina. Je, naweza kukagua bolti mwenyewe? Na zinakazwa kiasi gani?

Turbo_Kimara

Linki za stabilaiza hizo, vile vijiti vinavyounga fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona. Ni bei ya kuku wawili. Badilisha ulale usingizi.

Spana_19

Boksa mdogo wangu, usinunue shokapu. Bado.

Nimeisoma habari yako mara mbili, na kuna jambo umelisema kwa kupita tu ndilo lililonisimamisha: shokapu zinang'aa rangi. Umewahi kujiuliza kwa nini mwenye duka alizipiga rangi? Ziwe na sura ya upya, sawa. Lakini aliyeshika kopo hakuziba yale masikio mawili ya chini ambayo hubana habu, kile chuma kinachobeba gurudumu. Alipuliza kote, ndani na nje, labda mara mbili.

Watu wengi hudhani bolti pale ni kama msumari, ikishapita tundu basi gari limeshikwa. Mimi huwa nawaambia vijana wangu waifikirie kama mpira wa kufungia mzigo kwenye baiskeli. Unapokaza nati, bolti inavutika, kidogo sana, na mvuto huo ndio unaobana masikio ya shokapu kwenye habu mpaka chuma kikumbatie chuma. Kinachozuia visisogee ni ule msuguano. Sasa tia rangi nene katikati. Siku ya kwanza nati inakaza vizuri kabisa. Baada ya matuta na mashimo ya wiki tatu rangi inasagika, inatoka unga, na unene uliokuwa umebanwa unapotea. Mvuto wa bolti umekwisha na nati haijazunguka hata nywele moja. Ndiyo maana fundi akiigusa kwa spana anakwambia "imekaza hii".

"Ko" moja ukibadilisha mwelekeo ni kitu kinachohama kutoka ukuta mmoja wa tundu kwenda mwingine. Ukisonga mbele kinalala huku, ukirudi nyuma kinalala kule. Turbo, linki ya stabilaiza ikifa hugonga ko-ko-ko kwenye vijishimo, tairi moja likipanda na lingine likishuka. Siyo hii anayoieleza. Na usukani kuinama ghafla Jumamosi unaongeza ushahidi. Kwenye hiyo Impreza, kati ya bolti mbili za chini ya shokapu ya mbele, ya juu ndiyo ya kurekebishia kemba, yaani mlalo wa tairi. Si duara kamili, ina alama kichwani. Pakilegea pale tairi linalala, na likilala mwelekeo wake nao unahama.

Fanya hivi. Gari likiwa chini, fungua boneti. Weka kiganja juu ya shokapu, pale kwenye nati tatu za namba 12. Mkeo azungushe usukani kushoto na kulia, injini ikiwa imewashwa. Ukihisi mtetemo au mruko kiganjani, maunti ya juu, pale shokapu inaposhikwa na bodi, ina neno. Kisha zima, weka jiwe nyuma ya matairi ya nyuma, panda jeki, weka stendi, ndipo utoe gurudumu. Jeki peke yake ni ya kuinulia, haifai kuachiwa gari huku kichwa chako kiko chini yake. Nimemzika rafiki kwa jambo hilo, sitaki kuliandika zaidi.

Gurudumu likitoka, usishike spana kwanza. Angalia kwa macho na tochi. Tafuta unga wa kutu mwekundu kando ya vichwa vya bolti, na mwezi mwembamba wa chuma kinachong'aa pembeni ya washa. Kutu ni nyekundu kwa sababu chuma kinasuguana na chuma kila siku. Ukiuona, umempata mwizi wako.

Toki nakuandikia jioni, hapa nina mteja.

DizeliTu

Mzee maneno mengi. Mimi napaka gundi ya bolti, napiga mashine ya upepo mpaka ilie, namaliza. Miaka kumi hakuna bolti iliyowahi kunirudia.

Spana_19

Hazikurudii wewe, ndugu yangu, zinakuja kwangu. Mwezi uliopita nimetoboa bolti iliyokatikia ndani, siku nzima na biti tatu, kwa sababu mtu aliipiga "mpaka ilie". Bolti ikivutwa kupita uwezo wake hairudi tena. Inarefuka kama pipi ya mpira na haibani kitu. Kwa nje inaonekana imekaza kuliko zote.

Na gundi juu ya nati inayojifunga yenyewe ni kuvaa suruali mbili. Nati zile badilisha mpya, basi.

Boksa, sasa toki. Kitabu nilichonacho cha gari hilo kinataka Nm 175 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwa bolti mbili za shokapu na habu mbele, na Nm 20 kwa zile nati tatu za juu. Hakikisha kwenye kitabu cha mwaka na toleo lako, maana Subaru hubadilisha namba hizi kati ya toleo na toleo. Lakini tazama tofauti yake. Ukiwa na spana ya sentimita 25, Nm 175 ni kuvuta kwa uzito wa kilo 71, yaani mtu mzima aning'inie pale mwishoni. Nm 20 kwa spana hiyohiyo ni kilo 8, begi la mtoto wa shule. Fundi wa kukisia hukaza zote kwa mkono mmoja na hasira moja: za chini zinabaki legelege, za juu anazikata vichwa.

Spana ya toki huna. Una mizani ya kupimia mabegi ya safari, ile ya kuning'iniza yenye ndoano? Nm 175 ni kilo 17.8 kwenye mkono wa mita 1. Chomeka bomba kwenye mpini wa boksi spana, pima mita 1 kamili kutoka katikati ya nati, funga kamba hapo, tundika mizani, vuta taratibu kwa pembe mraba mpaka isome 17.8. Bomba nalo lina uzito, kwa hiyo kabla ya kukaza lilaze na ulipime kwa mizani hiyohiyo mwishoni pale. Tuseme linasoma kilo 1: ukivuta kwenda juu unalenga 18.8, ukivuta kwenda chini unalenga 16.8. Usahihi wa maabara haupo, ila utawashinda mafundi tisa kati ya kumi mtaani kwenu, nikiwemo mimi nikiwa na njaa.

Meno ya bolti yawe safi na makavu. Ukipaka grisi, namba ileile ya mizani itaivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa, maana nguvu iliyokuwa inaliwa na msuguano sasa yote inaenda kwenye kuvuta.

Na ile ya juu yenye alama, kabla ya kugusa, chora mstari kwa rangi kutoka kichwani hadi kwenye sikio la shokapu. Wakati wa kukaza shikilia kichwa, zungusha nati. Ukizungusha kichwa unahamisha kemba.

Bint_Likoni

Hodi wapwa zangu wa bara. Mimi niko Mombasa, gari yangu ni Impreza STI ya 2005, na huwa naipeleka kwenye mbio za kushindana na saa. Baba alikuwa mshabiki wa Colin McRae, dereva wa rali, tangu aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, nami nikaurithi ugonjwa.

Yote ya mzee Spana nayaunga mkono, ila kuna jambo hajalifikia, na ndilo lililonila pesa. Si kila bolti inakazwa gari ikiwa juu. Pale shokapu inapobana habu ni chuma kwa chuma, kaza ikining'inia, hakuna tabu. Lakini bolti inayopita ndani ya bushi ya mpira, kama ile ya mkono wa chini (chuma kinachoshika habu kwa chini), au zile linki za nyuma, hadithi nyengine. Kile kibomba cha chuma katikati ya bushi kinabanwa na bolti hakisogei tena, mpira ndio unaojisokota kila gurudumu likipanda na kushuka. Ukiikaza gurudumu limening'inia, mpira unadhani pale chini ndiyo nyumbani kwake. Ukishusha gari umeshausokota kabla hujatoka nyumbani. Kila mwendo unaongeza. Mwaka jana bushi zangu mpya, za bei, zilipasuka kabla ya mvua kubwa kwisha, na makanika akaapa kwamba ni feki. Hazikuwa feki. Alizikaza gari ikiwa juu ya lifti miguu inaning'inia.

Hizo unazikaza mkono tu kwanza, washa iguse, kisha unapandisha gari juu ya mbao nene nne, au unainua mkono wa chini kwa jeki ya pili mpaka shokapu ibebe uzito, ndipo unazipiga toki. Kama hujazigusa na zimekaa vyema, ziache zilipo.

Na rangi ya kucha! Nikishakaza napitisha mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha jirani. Nyekundu, inaonekana hata kwenye matope. Ninapotoka mzunguko mmoja nainama na tochi, nahesabu mistari. Dakika kumi gari zima. Gari za rali hukaguliwa bolti kila ziingiapo sevisi, sembuse sisi wa mitaani na mashimo yetu. Ila ujue mstari unakwambia nati imezunguka au la. Ile ya rangi kusagika hautaiona, hapo ni mizani tu.

Boksa_Tabata

Nimerudi. Mikono nyeusi, moyo mweupe.

Juzi jioni nilifuata maelekezo. Kiganja juu ya shokapu ya kulia, mke akizungusha usukani (alisema ananihurumia): nilihisi mruko. Zile nati tatu za 12, mbili zilizunguka kwa *vidole*. Vidole, wakuu! Ya tatu ndiyo iliyokuwa imeshika peke yake.

Gurudumu likatoka. Tochi. Kwenye bolti ya chini kutu kidogo. Kwenye ya juu nikauona ule mwezi alioutaja mzee Spana, mwembamba kama kipande cha kucha, unang'aa pembeni ya washa, na alama ya kichwani iko mbali na sehemu ambayo rangi inaonesha ilikuwa. Nikafungua. Spana ilihitaji nguvu ya kutosha kuanza, kwa hiyo mtu yeyote angesema imekaza. Nati zikatoka, nikavuta shokapu kando. Hapo niliegemeza habu kwenye tofali ili isining'inie kwa bomba la breki. Ndani ya masikio rangi imekuwa gamba, inabanduka kwa ukucha, na chini yake kuna kumbatio la nusu tu, sehemu moja chuma kimepolishwa, nyingine bado ina rangi mbichi. Nilikwangua kwa kisu na msasa mpaka chuma kikaonekana pande zote. Upande wa kushoto, ambao haukuwa unagonga, hali ni ileile, ila mwezi bado haujaandama.

Bolti ya juu ilikuwa na mfereji. Nilinunua mpya mbili na nati mpya nne, nikazunguka maduka ya spea ya Gerezani nusu siku kuzipata.

Mizani ya mabegi ilifanya kazi. Bomba langu lilisoma kilo 1.2 likiwa limelala. Ajabu niliyoiona: nilipofikia kilo 12 nilikuwa nimeshaamini imekaza. Mkono wangu ungeishia hapo. Kilo sita zaidi zilikuwa nyingi mno kuliko nilivyodhani, nikaogopa itakatika, haikukatika.

Kushuka chini, rivasi, gia ya kwanza. Kimya. Breki. Kimya. Nikaenda kupima alaimenti (mwelekeo wa matairi) leo asubuhi, nyota zimenyooka.

Ila kwenye rasta za karibu na nyumbani imebaki ko-ko-ko ndogo, nyepesi.

Turbo_Kimara

Linki.

Spana_19

Turbo, hiyo nakupa.

Boksa, kazi nzuri. Rangi ile ya kwenye masikio ungeiacha hata milimita ya mraba ningekutembelea Tabata. Sasa maswali mawili. Umerudia kukaza baada ya kutembea? Chuma kipya kikikutana kinajikalisha kidogo. Kilomita 100 hivi, kisha mizani tena. Na nati za magurudumu, ulizikaza kwa kutumia nini?

Boksa_Tabata

Walizifunga wale wa mashine ya alaimenti. Kwa upepo.

Bint_Likoni

Eti?

Boksa_Tabata

Nimetoka nje sasa hivi na bomba. Nimetafuta Nm 100, nikafanya hesabu, kama kilo 10 kwa mita. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa sawa. La kulia, nati tatu kati ya tano zilikuwa zimepita hapo mbali sana, ilibidi nisimame juu ya bomba kuzilegeza. Nyuma kulia moja ilizunguka robo kabla haijafika. Nimezirudisha zote kwa mtindo wa nyota, ya kwanza, ya tatu, ya tano, na nimechora mistari. Rangi ya kucha ni ya mke wangu na hajui bado.

Mkono wa chini na bolti za nyuma sijazigusa. Moja ya zile ndefu za nyuma nimeijaribu, imeganda na kutu kwenye kibomba cha bushi, nikaona bora nisianze vita siku nne kabla ya safari. Nimepuliza WD-40, nitapuliza tena kesho na keshokutwa, nitaifungua nikirudi.

Linki mbili nimenunua. Bei si ya kuku wawili, Turbo, ni ya kuku watano.

Turbo_Kimara

Kuku wamepanda.

Boksa_Tabata

Tupo Morogoro, tumesimama kula. Kilomita 190 na kitu. Nimelala chini kwenye maegesho na tochi, watu wananitazama. Mistari kumi na minane mbele, yote imenyooka. Nimetoa mizani kwenye buti, mbele kulia bolti ya juu imeenda kama nyuzi 5 kufika 17.8, nyingine hazikusogea. Nimefuta mstari, nimechora mpya. Mke ameona chupa.